Marafiki wanapoulizana kupeleka jeshi: tuliyoyaona sisi wa kando ya Ruvuma

#1 Mwana wa Msimbati (mleta uzi)

Wakuu, habari za usiku. Uzi ni mrefu, naomba mwenye nafasi ausome wote kabla ya kujibu.

Juzi kijiweni hapa Chikongola, Mtwara mjini, kulizuka ubishi mkali. Kijana mmoja alisema Rwanda walipoingia Cabo Delgado, mkoa wa kaskazini mwa Msumbiji, kupigana na waasi mwaka 2021, waliidharau SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Mwenzake akamjibu kwamba SADC ilijidharaulisha yenyewe kwa vikao visivyokwisha. Mzee anayetukaangia kahawa akaweka buli chini akauliza, "Nani alibisha hodi, na nani alikaribishwa?" Hakuna aliyemjibu. Nimelala na swali hilo siku tatu.

Ninavyoona mimi, nchi rafiki hazigombani sana juu ya vita yenyewe. Zinagombana juu ya nani aliulizwa, nani alipewa taarifa tu, na nani alisikia redioni kama sisi raia. Aliyeulizwa hata akikataa hubaki rafiki. Aliyerukwa huweka kinyongo hata kama vita ilikuwa ya haki.

Tuanze na ya jirani. Mocímboa da Praia, mji wa pwani wa Cabo Delgado, ulishambuliwa na waasi wa Kiislamu mara ya kwanza tarehe 5 Oktoba 2017. Serikali ya Maputo ikasema ni wahalifu, italimaliza yenyewe. Mwaka 2019 wakaleta Warusi wa Wagner, mwaka 2020 wakaleta kampuni ya Dyck kutoka Afrika Kusini yenye helikopta. Yaani mamluki walipata nafasi kabla ya majirani. Agosti 2020 mji wa Mocímboa ukatekwa. Oktoba mwaka huohuo moto ukavuka mto, Kitaya kwetu ikavamiwa, watu wakauawa na nyumba zikachomwa. Tarehe 24 Machi 2021 mji wa Palma ukaingiliwa.

Ndipo vikao vikaanza kwa kasi. Aprili 8 wakuu wa SADC walikutana Maputo na kutuma wataalamu, nao wakapendekeza kikosi cha watu 2,916. Juni 23 wakaidhinisha. Tarehe 9 Julai Rwanda, ambayo si mwanachama wa SADC, ikatangaza inapeleka watu 1,000. Kikosi cha SADC, SAMIM, kikaanza rasmi Julai 15. Siku sita tu! Agosti 8 Wanyarwanda na jeshi la Msumbiji wakaikomboa Mocímboa.

Waziri wa ulinzi wa Afrika Kusini wakati huo, Nosiviwe Mapisa-Nqakula, alisema hadharani kwamba ni jambo la kusikitisha Rwanda kutangulia, na kwamba alitarajia waingie chini ya idhini ya SADC. Yeye aliona ukanda wake umerukwa. Kigali waliona mwenye nyumba amewaita, sasa wamwombe nani mwingine ruhusa? Rais Nyusi wa Msumbiji alikuwa amekwenda Kigali tangu mwisho wa Aprili kuomba. Na Maputo wao waliona nini? Hapa ndipo watu wengi hawafiki. Msumbiji haijasahau kwamba Afrika Kusini ya makaburu iliwalisha waasi wa RENAMO, na Januari 1981 makomando wake waliingia Matola wakaua. Serikali ya Pretoria imebadilika, lakini mpaka uko palepale. Ukimwita mgeni wa mbali, kazi ikiisha utamsindikiza aende kwao. Jirani mkubwa akishaingia uani, utamsindikiza wapi?

Na wafadhili nao wana macho yao. Septemba 2022 Umoja wa Ulaya uliipa SAMIM yote euro milioni 15. Desemba ukaidhinisha milioni 20 kwa jeshi la Rwanda peke yake. Ukiwa askari wa Botswana pale Mueda, au wa kwetu na wa Lesotho pale Nangade, unaipokeaje habari hiyo?

Niseme na nililoliona kwa macho yangu. Wiki ile ya Palma nilikuwa Kilambo kwa shemeji yangu. Watu walivuka mto kwa mitumbwi, wamelowa hadi kiunoni. Mama mmoja alikuwa na mtoto mgongoni, na mkononi ameshika mbuzi ya kukunia nazi. Sufuria hana, nguo ya kubadili hana, ana mbuzi ya nazi. Aliikunjua akaiweka chini ya mkorosho akaikalia kama yuko jikoni kwake. Kimakonde chake kilikuwa kama cha bibi yangu, huwezi kukitofautisha. Redio ya shemeji ikataja kwamba wakuu wa nchi watakutana. Akauliza, "Wanakutana lini?" Shemeji akamwambia bado wanapanga tarehe. Hakuuliza tena.

Kwa hiyo nauliza: nchi zenye urafiki zinapobishana kupeleka jeshi kwa mwingine, zinatazamana kwa jicho gani? Wenye kumbukumbu za zamani karibuni sana, hasa wazee wa Nachingwea.

#2 Dereva wa Masasi

Mkuu, naomba kutofautiana. Nyumba ikiungua hakuna cha hodi. Unavunja mlango.

Na usiuache upande wa gesi. Mradi wa kampuni ya Kifaransa ya TotalEnergies pale Afungi, karibu na Palma, wa takriban dola bilioni 20, ulisimamishwa Aprili 2021. Mwezi uliofuata Rais Macron alikuwa Kigali akizungumzia lawama za Ufaransa katika mauaji ya 1994. Julai Wanyarwanda wako Palma na Mocímboa, mlangoni mwa gesi. Watu wa ukanda wetu wakajumlisha moja na moja, wakasema hawa wametumwa na Mfaransa. Sisemi ni kweli, ila ndivyo walivyotazamwa na wenzao. Kila mmoja humpimia rafiki yake nia kabla ya kumpimia kazi aliyofanya.

Ila kazi ilifanyika. Mocímboa ilikaa mikononi mwa wale watu mwaka mzima, ikarudi ndani ya wiki chache.

#3 Binti Mikindani

Kaka Mwana wa Msimbati, nimefundisha historia sekondari miaka kumi na moja, na swali lako si la Afrika peke yake. Nitaleta mifano ya wakubwa, nayo inakuunga mkono na kukupinga pia.

Suez, 1956. Rais Nasser wa Misri ametaifisha mfereji. Uingereza na Ufaransa zikakaa na Israel faraghani pale Sèvres mwezi Oktoba, wakapanga Israel ishambulie kwanza, halafu wao waingie kana kwamba wanaamua ugomvi. Rafiki yao mkubwa, Rais Eisenhower, hawakumwambia. Alipojua alikasirika mno, maana alikuwa siku chache kabla ya uchaguzi na Warusi walikuwa Hungary. Paundi ya Uingereza ikayumba, Marekani ikakataa kuiokoa mpaka wasimamishe vita. Waziri Mkuu Eden akajiuzulu Januari 1957. Hadi hapo ni hoja yako tupu.

Sasa tazama kilichofuata, ndicho ninachowasisitizia wanafunzi wangu. Ndugu wawili waliaibishwa siku moja na kila mmoja akaondoka na funzo lake. Waingereza walisema: tusirudie tena kwenda bila Marekani. Wafaransa walisema: tusirudie tena kumtegemea Marekani. Rais wao, De Gaulle, akatengeneza bomu lake la nyuklia, na mwaka 1966 akaitoa Ufaransa kwenye kamandi ya kijeshi ya NATO.

Mwaka 2003, Iraq, funzo hilo lilionekana tena wazi. Waziri Mkuu Blair wa Uingereza alikwenda na Rais Bush wa Marekani, bungeni kura 412 dhidi ya 149, ingawa waziri wake Robin Cook alijiuzulu kuipinga vita. Rais Chirac wa Ufaransa alikataa. Rumsfeld, waziri wa ulinzi wa Marekani, akaziita Ufaransa na Ujerumani "Ulaya ya zamani". Chirac naye akazikemea nchi za Ulaya Mashariki zilizomuunga mkono Bush, akasema zimepoteza nafasi nzuri ya kunyamaza. Mkahawa wa Bunge la Marekani ukafikia kubadili jina la chipsi, kwa kuwa kwa Kiingereza zina jina la Ufaransa, zikaitwa chipsi za uhuru. Watu wazima, wabunge!

Hapa ndipo nakupinga kidogo, kaka. Ufaransa iliulizwa. Baraza la Usalama lilikaa, waziri wao wa mambo ya nje, de Villepin, alihutubia Februari 14 na ukumbi ukapiga makofi. Lakini aliulizwa na mtu ambaye jeshi lake lilishafika Kuwait. Kuulizwa wakati jibu limeshaamuliwa kunauma labda kuliko kutoulizwa.

Na kuna Uturuki, ambayo nikiisoma huwa naifikiria Mtwara yetu. Yenyewe inapakana na Iraq. Marekani iliomba kupitisha askari zaidi ya elfu sitini kwenye ardhi yake, meli ziko baharini zinasubiri. Machi 1, 2003 bunge lao lilipiga kura na ombi likaanguka kwa kura chache mno. Washington walishangaa, mwanachama wa NATO anatukatalia? Hawakujiuliza nani atabaki na wakimbizi na mpaka unaowaka wao wakishapanda meli kurudi kwao.

#4 Korosho Newala

Mwalimu, nakupa tano. Swali dogo: hao Waingereza waliosema hawatakwenda tena bila Marekani, mbona Syria walikataa?

#5 Binti Mikindani

Umeuliza vizuri, mdogo wangu. Agosti 29, 2013 bunge la Uingereza lilikataa kuishambulia Syria baada ya silaha za kemikali kutumika, 285 dhidi ya 272. Iraq ilikuwa bado inawakaa rohoni, walikuwa wameambiwa kuna silaha na hazikupatikana. Kesho yake John Kerry, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alisimama akaisifu Ufaransa kuwa rafiki wa kale kuliko wote. Ufaransa ileile ya chipsi, miaka kumi tu imepita. Na hata hivyo Obama hakushambulia mwaka ule.

Kwa hiyo sifa ya "rafiki wa kweli" katika mambo haya huwa inampata yule aliyesema ndiyo wiki hiyo.

#6 Mstaafu wa Nachingwea

Wanangu, salaam. Siandiki mara kwa mara, macho hayaruhusu, lakini nimesomewa uzi huu na mjukuu naye ndiye anayeniandikia.

Mimi ni mzaliwa wa hapa Nachingwea. Nilikuwa kijana mdogo wakati FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, wana kambi yao hapa na hospitali yao pale Mtwara mjini. Tulimwona kiongozi wao, Samora Machel, akipita. Mabomu ya Mreno yalikuwa yanafika hata upande wetu wa mto. Mreno alikuwa mwanachama wa NATO, na silaha zake nyingi zilitoka kwa marafiki zake. Lakini Norway na Denmark, ambazo nazo ni NATO, zilitoa misaada ya kibinadamu kwa FRELIMO. Dawa, vitu vya shule. Mkono mmoja wa umoja uleule ulikuwa unatupiga na mwingine unatufunga vidonda. Mwalimu Nyerere aliliona hilo, na ndiyo maana hakuwaweka Wazungu wote kapu moja.

Sasa niseme la 1979, maana nyinyi vijana mnasimuliwa ushindi tu. Amin alivamia Kagera mwisho wa Oktoba 1978. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuja na maneno ya usuluhishi, kana kwamba waliogombana ni watoto wawili wenye makosa sawa. Mwalimu aliumia. Alitaka waseme kwanza kwamba fulani kavamia. Hawakusema. Tulipoingia Kampala Aprili 11, 1979, Julai yake katika mkutano wa Monrovia, Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria walitulaumu hadharani kwa kuvuka mpaka wa nchi huru. Gaddafi alikuwa ameleta askari wake kumtetea Amin. Na Msumbiji, nchi ya miaka minne tu, maskini, inasumbuliwa na Smith wa Rhodesia upande wa pili, Samora akatuletea batalioni.

Hilo halisahauliki. Mwaka 1987 nilipokwenda Zambezia, Msumbiji, na kikosi chetu kupambana na RENAMO, hatukuhubiriwa sana kwa nini tunakwenda. Tulijua tunalipa deni. Nilikuta watu wamevaa magunia. Siwapambi maneno, magunia ya mahindi yaliyotobolewa mikono. Kiswahili hawajui, tulizungumza kwa mikono na kwa Kireno cha kuokota. Binti mmoja alinipa embe bichi kwa sababu ndilo pekee alilokuwa nalo, nami nikampa nusu ya biskuti zangu.

Hapo Msumbiji tulikuwa majeshi matatu ya marafiki. Sisi Zambezia, Zimbabwe wanalinda njia ya Beira, na Malawi njia ya reli ya Nacala. Malawi hao! Septemba 1986 Samora, Mugabe na Kaunda walikwenda Blantyre kumwambia Rais Banda wa Malawi usoni kwamba anawahifadhi RENAMO. Mwezi uliofuata Samora akafa kwenye ndege. Mwaka uliofuata Banda analeta askari kulinda reli. Sisi wa chini tuliwatazama kwa wasiwasi mkubwa, hatukujua kama usiku wanalinda au wanapokea wageni. Baadaye nilikutana na sajenti wao mmoja aliyempoteza mdogo wake kwenye reli ile, nikaona aibu kwa niliyokuwa nikiyawaza.

Kwa hiyo Mwana wa Msimbati, hodi ni muhimu, ndiyo. Lakini mimi namkumbuka zaidi aliyekuja na asiyekuja. Wenzangu wengine wamelala makaburini Naliendele. Nikifika Mtwara huwa napitia pale kwanza kabla ya hospitali.

#7 Mwana wa Msimbati (mleta uzi)

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma maneno yako mara mbili na nimemsomea mke wangu. Naliendele nimepita mara nyingi nikienda shamba, sikuwahi kusimama kwa nia kama ya kwako. Nitasimama.

Umenipindua kidogo. Kumbe kuna rafiki anayekulaumu kwa sababu hukufuata utaratibu, na kuna anayekuja bila kuuliza utaratibu ni upi, na wote wawili wanaitwa ndugu wa Afrika.

#8 Mkazi wa Kilwa

Kwa kuwa mzee kagusa Umoja wa Afrika, nami nilete la Anjouan, kisiwa cha Komoro, maana sisi Kilwa na Wangazija ni watu wa bahari moja.

Machi 25, 2008 askari wetu pamoja na wa Sudan walishuka Anjouan kumwondoa Kanali Mohamed Bacar, aliyeng'ang'ania urais wa kisiwa. Kikwete ndiye alikuwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika mwaka ule. Libya na Senegal zilisaidia usafiri na vifaa. Rais Thabo Mbeki wa Afrika Kusini alipinga wazi, akasema mazungumzo yalikuwa hayajaisha. Kazi ilimalizika haraka, Bacar akakimbilia Mayotte kwa Wafaransa.

Na hii si mara ya kwanza kwa Afrika Kusini kusema tusubiri. Agosti 1998 Mandela alikuwa mwenyekiti wa SADC akitaka mazungumzo Kongo, Mugabe anashika chombo cha ulinzi cha SADC hiyohiyo, na Zimbabwe, Angola na Namibia zikaingia kumwokoa Kabila mzee. Wakati huo sisi kwa sisi tulitazamana vibaya sana. Halafu Septemba, mwezi mmoja tu, Afrika Kusini yenyewe na Botswana wakaingia Lesotho. Basi Harare wakauliza, utaratibu ule umekwenda wapi?

Nikijumlisha naona hivi: tunawadai wenzetu subira kwenye moto wa mbali, ila moto ukiwa kwetu tunakimbia.

#9 Dereva wa Masasi

Mkazi wa Kilwa, hiyo sentensi ya mwisho ndiyo niliyokuwa naitafuta. Umbali! Wote wana busara sana wakiwa mbali na moshi.

Mzee, shikamoo. Nimekuelewa.

#10 Mama Tandahimba

Nimekaa nasoma tangu jana na sikutaka kuandika. Lakini wanangu, naona mnasema hodi, hodi, hodi za marais.

Waliobisha hodi kwetu ni watu wa Palma. Walikuja wamelowa, kama alivyosema mleta uzi. Wengi walipandishwa magari wakapelekwa hadi Mtambaswala, wakavushwa kwenda Negomano, upande uleule wenye vita. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, lililalamika hadharani mwaka ule kuhusu watu kurudishwa. Najua kulikuwa na hofu baada ya Kitaya, kwamba wabaya watajificha ndani ya wazuri. Hofu hiyo nilikuwa nayo hata mimi, nilikuwa nafunga mlango saa kumi na mbili. Ila msije mkaandika kwamba sisi wa kusini ndio tulioelewa mambo kuliko wakubwa. Uturuki ya mwalimu ilisema hapana kwa jeshi. Sisi tulisema hapana kwa mama mwenye mtoto, halafu miezi michache baadaye tukapeleka jeshi kumlinda kwao.

Nina mtoto wa dada yangu aliyekuwa Nangade na SAMIM. Ng'ambo tu ya huku kwetu, usiku wa utulivu unasikia. Kila mlio ulikuwa unaniingia tumboni. SAMIM ilipofungwa Julai 2024 nilidhani atarudi, lakini askari wetu wakabaki kwa makubaliano ya nchi mbili. Sijui wakubwa walitazamana vipi. Mimi nilitazama simu.

#11 Binti Mikindani

Mama, pole. Na asante. Hilo la Negomano nilikuwa nalizunguka, nikaenda hadi Uturuki kulikwepa.

#12 Fundi Redio Lindi

Wakuu, nimechelewa uzi mzuri. Nataka niongeze la Rwanda na sisi wenyewe, maana hapa ndipo hesabu ya rafiki na adui inapokataa.

Machi 2013 Baraza la Usalama lilipitisha azimio 2098, ikaundwa brigedi ya kuingilia kati Kongo, askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, kamanda Brigedia Jenerali Mwakibolwa wetu. Mei Kikwete akashauri Rwanda izungumze na FDLR, waasi wa Kihutu walioko Kongo. Kigali wakaghadhibika, kwao ilikuwa kama kuambiwa kaa meza moja na waliowaua ndugu zako. Uhusiano ukaharibika mpaka raia wa mpakani wakaumia. Novemba M23, waasi ambao brigedi ile ilikuwa ikipigana nao Kongo, ikashindwa. Desemba 2017 tukapoteza vijana 15 pale Semuliki, ingawa wale walikuwa ADF, waasi wenye asili ya Uganda, vita nyingine ndani ya nchi ileile.

Mwaka 2021 Wanyarwanda hao na sisi tuko Cabo Delgado, kazi moja, adui mmoja. Afrika Kusini pia. Halafu Januari 2025 M23 inaingia Goma ikiungwa mkono na Rwanda, askari 14 wa Afrika Kusini wanakufa kule, Ramaphosa na Kagame wanajibizana mtandaoni mbele ya dunia nzima. Ramaphosa alilitaja jeshi la Rwanda kama wanamgambo, Kagame akajibu kwamba SAMIDRC, kikosi cha SADC kule Kongo, haikuwa ya kulinda amani na haina nafasi pale. Askari wetu nao walikuwa ndani ya SAMIDRC hiyo. Februari 8 wakakutana Dar es Salaam, SADC na Jumuiya ya Afrika Mashariki pamoja, sisi tukiwa wanachama wa zote mbili. Machi SADC ikaifunga SAMIDRC.

Nchi ileile ni mkombozi Mocímboa na mvamizi Goma, kwa macho ya jirani yuleyule, ndani ya miaka minne. Mtu wa Palma ukimwambia Wanyarwanda ni wabaya hakuelewi. Mtu wa Goma ukimwambia ni wazuri atakutimua. Nami siwezi kumlaumu yeyote kati yao.

#13 Korosho Newala

Hapo kwa mtu wa Palma ni kweli kabisa. Mjomba wangu anauza samaki wakavu, anasema kule Mocímboa Wanyarwanda wanaelewana na watu kwa sababu wengi wao wanazungumza Kiswahili, na Wamwani, wenyeji wa pwani ile, nao Kiswahili wanakijua. Askari wa Maputo anazungumza Kireno, hawaelewani na bibi kizee. Jambo dogo hilo halipo kwenye mikataba.

#14 Mstaafu wa Nachingwea

Kijana wa Newala, si dogo. Zambezia tungekuwa na lugha moja nao, tungewazika wenzetu wachache zaidi. Watu walikuwa wanajua adui kalala wapi, wanashindwa kutuambia.

Mama Tandahimba, nimekusikia. Mwanao karudi?

#15 Mama Tandahimba

Karudi, baba. Shikamoo. Amekonda na usiku anaamka, lakini karudi.

#16 Mwana wa Msimbati (mleta uzi)

Alhamdulillah mama, pole na hongera.

Nirudi kwenye la Negomano, kwa sababu nililiacha kwenye andiko la kwanza na haikuwa sawa. Yule mama wa mbuzi ya nazi alikaa Kilambo siku mbili. Siku ya tatu magari yalikuja asubuhi. Shemeji yangu alisimama mlangoni, mimi nikasimama nyuma yake, hakuna aliyesema neno. Aliwekwa juu ya gari na mtoto wake, na katika haraka ile mbuzi yake ikabaki chini ya mkorosho. Nililikimbilia gari kidogo nikiwa nimeishika mbuzi mkononi, likakata kona.

Ninayo nyumbani, Shangani. Mke wangu haitumii, ameiweka juu ya kabati. Nimezungumza humu kuhusu nani aliulizwa, na yeye hakuulizwa na yeyote: si Maputo, si SADC, si Kigali, wala sisi wawili tuliosimama mlangoni.

Alisema anatokea Kionga, upande wa huku wa Palma. Mtoto alikuwa wa kike, kama mwaka mmoja na nusu hivi. Kama kuna mtu humu anakwenda huko kwa biashara, naomba aniandikie pembeni.

#17 Korosho Newala

Kaka, mjomba wangu anavuka Kilambo wiki ijayo akienda Palma, Kionga iko njiani. Nipe alama ya hiyo mbuzi, kama ina mchoro au jina.

#18 Mwana wa Msimbati (mleta uzi)

Haina jina. Mguu wa kushoto umevunjika zamani ukafungwa kwa waya wa shaba, mizunguko saba. Na mwiba wake umelika upande mmoja, mkunaji alikuwa anatumia mkono wa kushoto.